Jedwali, Trello, Huntr au daftari: kipi kinakufaa ukiwa na mawakala watano wa ajira

Zana nyingi za kufuatilia maombi ya kazi zimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeomba mwenyewe: anaona tangazo, anatuma CV, anasubiri. Ukiwa na mawakala wa ajira wanne au watano kwa mpigo, mambo hubadilika. Anayetuma si wewe tena. Wanatuma wao, kwa saa usizozijua, na hakuna anayejua mwenzake ametuma wapi. Ndiyo maana zana zote hapa zinapimwa kwa swali moja: wakala akipiga simu na kutaja kampuni, unaweza kujua ndani ya sekunde kumi kama jina lako limeshafika pale, na limefikishwa na nani?

Kwa kipimo hicho jedwali la kawaida, Google Sheets au Excel, linashinda. Trello, ubao wa kadi wa mtandaoni, inafuata kwa mbali. Huntr na Teal, zana mahsusi za watafuta kazi, ni nzuri, ila kwa kazi nyingine. Daftari nalo halijafa. Lakini jedwali linashinda likipangwa ipasavyo tu, na wengi hulipanga ovyo, kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo iko huko.

Kwa nini swali hilo na si jingine

Wakala hulipwa na mwajiri, mara nyingi asilimia fulani ya mshahara wa mwaka wa kwanza, na wengi wao hawapati kitu mpaka mtu waliyempeleka aajiriwe. Kwa hiyo "nani alimleta kwanza" ni swali la pesa. Mikataba ya mawakala na waajiri kwa kawaida humpa aliyefikisha CV kwanza haki juu ya jina hilo kwa muda, aghalabu miezi 6 hadi 12.

Sasa CV yako ikifika kwa mwajiri mmoja kutoka kwa mawakala wawili, mfumo wa kupokea maombi huigundua kwa anwani ya barua pepe au namba ya simu. Mwajiri mwenye subira atakuuliza ulimruhusu nani. Asiye na subira ataiweka CV pembeni na kumwita mtu mwingine, maana hataki kuingia kwenye ugomvi wa ada. Wewe huambiwi lolote. Utabaki ukidhani hukuwa na sifa.

Hali ni hiyohiyo kama uliomba mwenyewe miezi minne iliyopita ukasahau. Wakala akishaambiwa "huyu tunaye tayari", hana tena sababu ya kukupigania.

Na kwa kuwa tumegusa pesa: Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, kifungu cha 7, unakataza wakala binafsi wa ajira kumtoza mfanyakazi ada au gharama, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka. Unaacha mlango kwa nchi kuweka vighairi kwa makundi fulani, lakini kanuni ndiyo hiyo. Wakala anayetaka umlipe "ada ya usajili" kabla hajakutajia hata nafasi moja hastahili mstari kwenye jedwali lako.

Jedwali: mstari mmoja ubebe nini

Kosa la kwanza, na ndilo linaloua majedwali mengi, ni kumpa kila wakala kichupo chake (tab, ukurasa mmoja ndani ya faili). Linapendeza macho. Lakini kwenye Google Sheets ukibonyeza Ctrl na F unatafuta ndani ya kichupo kilicho wazi peke yake. Excel nayo hufanya hivyo usipoiambia itafute faili zima (workbook). Wakala wa tatu anakupigia, unatafuta kampuni kwenye kichupo chake, huioni, unasema "tuma". Kumbe iko kwenye kichupo cha wakala wa kwanza.

Tumia kichupo kimoja. Mstari mmoja uwe mwajiri mmoja, nafasi moja, wakala mmoja. Ulikoomba mwenyewe pia kuingie humo, na kwenye safu ya wakala uandike "Mwenyewe". Hata nafasi uliyoikataa iandikwe, kwa sababu kuna mawakala ambao "hapana" yako ya simu huisikia kama "labda".

Safu kumi zinatosha. Safu ya A ni anwani ya tovuti ya mwajiri, ile sehemu inayofuata www. B ni jina la mwajiri, C nafasi, D wakala pamoja na jina la mtu unayeongea naye, E tarehe uliyotoa ruhusa, F tarehe CV ilipotumwa, G mshahara uliotajwa, H toleo la CV, I hali, J tarehe ya mawasiliano ya mwisho.

Kwa nini anwani ya tovuti na si jina? Kwa sababu majina hayaaminiki. Wakala mmoja huandika jina lote na "Limited" mwishoni, mwingine huandika kifupi, na wewe mwenyewe unaweza kuacha nafasi tupu baada ya herufi ya mwisho. Jedwali halijali herufi kubwa na ndogo, lakini nafasi hiyo tupu linaihesabu, na majina mawili yanayofanana kabisa kwa macho huwa tofauti kwa fomula. Anwani ya tovuti ina tahajia moja. Udhaifu wake uko kwenye kampuni tanzu: kampuni mbili zenye tovuti mbili zinaweza kuwa chini ya ofisi moja ya rasilimali watu. Ukigundua hivyo, zote zipewe anwani ya kampuni mama kwenye safu ya A.

Kisha chagua safu hiyo kuanzia seli A2 (mstari wa kwanza ni wa vichwa), fungua sehemu ya rangi zenye masharti (conditional formatting), chagua fomula maalumu na uandike:

=COUNTIF($A:$A,$A2)>1

Weka rangi ya chungwa. Sasa kila mwajiri anayejitokeza zaidi ya mara moja anawaka, na kabla hujasema neno unaona kuna jambo. Fomula ikikataa, kabla hujalaumu kitu kingine badilisha mkato uwe nukta mkato; mafaili yaliyowekwa kwa nchi zinazoandika desimali kwa mkato hutaka hivyo.

Fomula ya pili ni ya ruhusa iliyolala:

=AND($E2<>"",$F2="",TODAY()-$E2>2)

Hii inawaka pale ambapo zaidi ya siku mbili zimepita tangu utoe ruhusa na wakala hajathibitisha kwamba ametuma. Mwanya huu kati ya E na F una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kuna wakala anayekusanya ruhusa za watu kumi, akatuma CV tatu. Wewe umo kati ya saba waliobaki, hujui, na wakati huohuo unamkataa wakala mwingine ambaye angekufikisha. Muulize kwa maneno mafupi: "CV yangu imeshatumwa? Tarehe ngapi?" Asipokuwa na tarehe, hajatuma. Mwambie kwa maandishi kwamba ruhusa umeiondoa.

Fomula ya tatu inakumbusha kufuatilia:

=AND($J2<>"",$I2<>"Imefungwa",TODAY()-$J2>10)

Wengi huandika TODAY()-J2>10 peke yake, kisha wanashangaa mistari mitupu yote imekuwa myekundu. Seli tupu kwa jedwali ni sifuri, na sifuri kwa hesabu ya tarehe ya Google Sheets ni tarehe 30 Desemba 1899. Kwa hiyo linadhani zimepita siku zaidi ya 45,000. Sharti la kwanza kwenye fomula linaondoa upuuzi huo, na la pili linanyamazisha nafasi zilizokwisha.

Tatizo jingine la tarehe ni 03/04. Ni tarehe 3 Aprili au tarehe 4 Machi? Inategemea nchi iliyowekwa kwenye mipangilio ya faili. Iandike kwa mtindo wa 2025-04-03 na hutabahatisha. Ukiona tarehe imelala upande wa kushoto wa seli na hukuipanga hivyo, jedwali limeisoma kama maneno ya kawaida, fomula haitaiona.

Safu ya mshahara iandikwe pamoja na maelezo: kwa mwezi au kwa mwaka, kabla ya makato au baada. Usiweke tarakimu tupu. Kisa cha kawaida ni wakala mmoja kuambiwa kiasi kabla ya makato, mwingine akaambiwa kiasi cha mkononi, kisha kampuni mbili za kundi moja zikapata takwimu mbili zisizolingana kutoka kwa mtu yuleyule.

Kuhusu toleo la CV, wakala anapoomba faili la Word badala ya PDF, mara nyingi ni kwa sababu ataondoa namba yako na barua pepe, aweke nembo yake, na pengine apunguze kurasa. Hilo ni jambo la kawaida katika kazi hii. Shida inakuja kwenye usaili, unapokuta msaili ameshika CV usiyoijua, yenye cheo ambacho hukuwahi kukiandika. Omba nakala kama ilivyotumwa, siku ileile, na jina la faili hilo ndilo liingie safu ya H. Wakala mzuri hutuma bila kuulizwa mara mbili.

Safu ya hali iwe na orodha ya kuchagua, si ya kuandika kwa mkono: Ruhusa, Imetumwa, Usaili, Ofa, Imefungwa. Tano tu. Ukifikisha kumi na moja utaacha kuzijaza.

Kati ya Excel na Google Sheets, uamuzi unaletwa na simu. Mawakala hupiga ukiwa njiani, ukiwa kazini, ukiwa kwenye foleni. Faili linalokaa kwenye kompyuta ya nyumbani halikusaidii. Google Sheets inafunguka kwenye simu, na kwenye Android unaweza kuiwekea faili njia ya mkato kwenye skrini ya mwanzo. Gandisha safu ya A na B tu; ukigandisha nne, skrini ya simu inajaa na huwezi kusogea kulia. Historia ya matoleo nayo inaokoa: ukifuta mstari kwa bahati mbaya, unarudi kwenye toleo la jana. Excel inafaa zaidi kwa asiye na mtandao wa uhakika.

Kasoro kubwa ya jedwali ni kwamba halikuiti. Rangi zinawaka ukilifungua tu. Usilifungue wiki nzima, nalo litanyamaza wiki nzima.

Simu yenyewe

Hapa ndipo zana inapopata au inapokosa maana. Wakala anasema: "Nina nafasi nzuri sana, kampuni kubwa ya bima, nikutumie?" Usikubali. Uliza jina. Atasita, na ana sababu: anaogopa utaomba mwenyewe au utampa wakala mwingine habari. Hofu hiyo inaeleweka. Lakini ruhusa bila jina ni ruhusa kwa kila mwajiri duniani. Jibu linalofanya kazi ni hili: "Nina mawakala wengine, na nisingependa tugongane. Nitajie jina, nitazame orodha yangu hapahapa, nikujibu." Wengi hutaja. Asiyetaja, mwache.

Baada ya kutazama, ruhusa iende kwa maandishi hata kama mmekubaliana kwa mdomo:

"Nakuruhusu kutuma CV yangu kwa kampuni ya ______, nafasi ya ______, kwa mshahara usiopungua ______ kwa mwezi kabla ya makato. Ruhusa hii ni ya nafasi hii pekee na itakwisha baada ya siku 30. Tafadhali nithibitishie tarehe utakayotuma, na unipe nakala ya CV kama ilivyotumwa."

Ujumbe huu una saa na tarehe yake. Mawakala wawili wakija kugombana mbele ya mwajiri, huo ndio unaomaliza ubishi.

Swali jingine litakuja tu: "Na kwingine unafanya usaili wapi?" Lina nusu mbili. Nusu ni halali, anataka kujua kama una haraka. Nusu ya pili ni kwamba kampuni inayokusaili wewe inaajiri, na wakala angependa kuwapelekea watu wake wengine, washindani wako. Mpe hatua, usimpe majina: "Niko hatua ya pili sehemu mbili, majibu ni wiki ijayo." Vivyo hivyo majina ya wadhamini: yasitoke kabla ya ofa, kwa kuwa mdhamini wako mara nyingi ni meneja, na kwa wakala meneja ni mteja mtarajiwa.

Trello

Trello inapanga kazi kama kadi kwenye ubao. Orodha moja kwa kila hatua, kadi moja kwa kila mwajiri, lebo ya rangi kwa kila wakala. Kwa macho inalishinda jedwali: unatazama mara moja unajua vitu vitatu viko kwenye usaili na tisa vimelala. Tena inafanya lile ambalo jedwali halifanyi, inakukumbusha. Ukiweka tarehe ya mwisho kwenye kadi, arifa inakuja.

Inapoanguka ni kwenye swali letu. Kadi mbili za mwajiri mmoja zinaweza kukaa ubaoni mwezi mzima na Trello isiseme kitu. Sehemu maalumu za kujaza mshahara na tarehe ya ruhusa ni za mpango wa kulipia, kwa hiyo kwenye mpango wa bure unaishia kuyaandika yote kwenye maelezo ya kadi, mahali pasipochujika. Halafu kuna tabia ya kuziondoa ubaoni kadi zilizofungwa (archive) ili ubao uwe safi. Zinatoweka machoni, na hizohizo ndizo unazohitaji wakala mpya anapotaja kampuni ya zamani. Ukiipenda Trello, tengeneza orodha ya "Zimefungwa" mwishoni kabisa na uziache hapo, ubao uchafuke tu.

Mchanganyiko wa Trello kwa vikumbusho na jedwali kwa kumbukumbu hufanya kazi kwa mtu mwenye nidhamu. Kwa wengi wetu, kuandika kitu kimoja mara mbili hudumu siku nne. Kalenda ya simu inatosha kukumbusha.

Huntr na Teal

Hizi zimetengenezwa mahsusi kwa watafuta kazi. Unaweka kiendelezi (extension) kwenye kivinjari, unafungua tangazo, unabonyeza, na jina la kazi, kampuni na maelezo vinaingia vyenyewe. Faida yake ni ya kweli: matangazo hufutwa, na ukiitwa usaili wiki tano baadaye huna tena orodha ya majukumu waliyoyataka. Hapa unayo.

Lakini kazi nyingi za mawakala hazina tangazo. Zinakuja kwa simu, na kuziingiza kwa mkono kunaondoa faida yote. Kibaya zaidi, wakala anapotangaza nafasi bila kumtaja mwajiri, kiendelezi huchukua jina lililoandikwa kwenye tangazo, yaani la wakala, na kuliweka mahali pa mwajiri. Baada ya mwezi una "maombi" sita kwa kampuni moja ambayo haina hata kazi moja kati ya hizo. Zitumie kwa maombi unayotuma mwenyewe, kisha mwajiri huyo umwandike kwenye jedwali kama "Mwenyewe". Hapo zinastahili sifa zake.

Barua pepe, na mtego mmoja

Lebo moja kwa kila wakala kwenye Gmail, na kichujio kinachotazama anwani ya ofisi nzima badala ya mtu mmoja, maana wafanyakazi wa mawakala huhamahama. Hilo ni la dakika tano.

Mtego ni alama ya kujumlisha. Gmail inakubali uongeze alama hiyo na neno lolote kabla ya @, na barua bado zinafika kwako. Watu hupeana ushauri wa kumpa kila wakala anwani yake ili wajue nani anagawa data zao. Kwenye fomu za kujisajili kwa wakala ni ujanja mzuri, ingawa fomu nyingine huikataa alama hiyo. Kwenye CV ni hatari. Mfumo wa mwajiri unaotambua watu kwa barua pepe utakuona kuwa watu wawili, mgongano hautaonekana mwanzoni, na utakuja kufumuka wakati wa ofa, mawakala wote wawili wameshahesabu ada. CV zote zibebe anwani moja na namba moja ya simu.

Daftari

Kwa ajili ya simu tu. Saa, jina, kampuni, kiasi kilichotajwa. Jioni yanahamia kwenye jedwali na ukurasa unapigwa mstari. Daftari pekee huvumilia waajiri kumi na watano hivi. Baada ya hapo kutafuta kampuni kwa kupekua kurasa huku mtu anasubiri kwenye simu ni kujitesa.

Ukishapata kazi

Chuja safu ya hali, ondoa "Imefungwa", na kila wakala anayebaki apate ujumbe siku hiyohiyo: nimekubali ofa, tafadhali ondoa jina langu kwenye nafasi ya fulani. Fanya hivyo baada ya kusaini, si baada ya ahadi ya mdomo. Jedwali usilifute kwa miezi 12. Mwajiri wako mpya akidaiwa ada na wakala wa pili anayesema yeye ndiye aliyekuleta, tarehe zilizo kwenye safu ya E na F, pamoja na ule ujumbe wa ruhusa, ndizo atakazokuomba.